Jina la Askari Hukaa Wapi? Bustani za Mashujaa Kando ya Barabara

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika karibu mwendo wote. Upande mmoja ni maji, upande wa pili ni milima, na kati ya viwili hivyo umelala ukanda mwembamba wa michikichi, mihogo, migomba na nyumba za watu. Mapipa ya mawese hupita hapo, ndagala zilizokaushwa hupita hapo, na watoto wa Gatete hutembea kando ya lami wakienda na kurudi shuleni. Mgeni apitaye kwa gari huweza kudhani kwamba pwani hii haikupata kuwa na shughuli nyingine ila biashara, uvuvi na kilimo. Dhana hiyo si sahihi. Ziwa hili limebeba meli za kivita, na njia za pwani yake zimekanyagwa na askari na wapagazi ambao wengi wao hawakurudi makwao.

Suala linalostahili kufikiriwa na kila nyumba yenye askari ni hili: mtu aliyekufa akiitumikia nchi, au aliyekufa akiitumikia nchi ya mwingine kwa kulazimishwa, jina lake hukaa wapi baada ya wale waliomfahamu nao kuondoka duniani? Jibu moja, ambalo limetumika katika nchi nyingi na kwa njia mbalimbali, ni bustani ya ukumbusho iliyowekwa kando ya barabara, mahali ambapo mpita njia hawezi kukosa kuiona. Afrika ya Mashariki inazo bustani za namna hiyo. Baadhi yake zimetunzwa vizuri sana, na bado zina kasoro ambayo maua hayawezi kuificha.

VITA VILIVYOANZIA NA KUISHIA ZIWANI

Vita Kuu ya Kwanza ilifika Ziwa Tanganyika mapema kuliko wengi wanavyojua. Tarehe 22 Agosti 1914, kabla vita havijatimiza mwezi mmoja, meli ya Wajerumani iitwayo Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, karibu na mlango wa mto Lukuga, mahali ambapo leo upo mji wa Kalemie. Kuanzia siku hiyo Wajerumani walilitawala ziwa. Tarehe 5 Februari 1915 waliiteremsha majini huko Kigoma meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, iliyojengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya maelfu ya masanduku, kisha ikaungwa upya ufukweni.

Waingereza walijibu kwa kuleta mashua mbili ndogo zenye injini, Mimi na Toutou. Mashua hizo zilishushwa Cape Town, zikapandishwa reli hadi Katanga, na kutoka hapo zikakokotwa porini na juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke na ng'ombe. Wanahistoria wa vita hupenda kusimulia habari ya kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, ambaye alikuwa mtu wa vituko. Hawapendi sana kusimulia habari ya waliokata njia, waliojenga madaraja ya magogo, na wanawake wa vijijini waliochota maji na kuyabeba vichwani ili injini za mvuke zisikauke. Bila ya mitungi ile mashua zisingalifika ziwani. Zilifika mwishoni mwa Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba zikaiteka meli Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Kuanzia Aprili 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yalivuka mpaka. Kigali ilitwaliwa tarehe 6 Mei, Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, tarehe 6 Juni, na Gitega tarehe 17 Juni. Ndege zenye kutua majini ziliidondoshea Kigoma mabomu, jambo ambalo wavuvi wa wakati ule hawakuwa na neno la kulieleza. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Graf von Götzen tarehe 26 Julai 1916, siku mbili kabla Wabelgiji hawajaingia Kigoma. Meli hiyo iliopolewa tena mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba, jina ambalo kila mkazi wa pwani za ziwa hili analifahamu.

Vita vilimalizikia huku huku. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alisalimisha silaha zake Abercorn, mji uitwao leo Mbala, karibu na ncha ya kusini ya ziwa. Waafrika wake, askari na wapagazi pamoja, walipelekwa Kigoma kwa njia ya ziwa na kisha Tabora kwa reli, na safari hiyo ikaangukia wakati wa homa kuu ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani. Wengine waliokwepa risasi kwa miaka minne waliuawa na kikohozi baada ya amani kutangazwa. Leo hii msafiri apitaye Zambia hukuta karibu na daraja la mto Chambeshi mnara unaoonyesha mahali ambapo mapigano yalikoma. Mnara wa tarehe ya kukoma ni kitu chema. Majina ya waliofia njiani ni habari nyingine.

MZIGO NA UNGA

Katika vita ile askari mmoja aliyeshika bunduki alihitaji watu kadhaa nyuma yake wa kumbebea risasi, chakula, mahema na dawa. Ndorobo waliwaua farasi na ng'ombe, barabara za magari hazikuwapo, kwa hiyo kila kitu kilipanda kichwani mwa binadamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25. Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya laki mbili. Waingereza walitumia watu wapatao milioni moja kwa jumla katika muda wote wa vita, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu vijijini, na wafu wao miongoni mwa wapagazi hawapungui 95,000 kwa hesabu inayokubaliwa na watafiti wengi. Wajerumani nao walichukua watu na vyakula popote walipopita, na hawakuacha orodha ya kutegemewa.

Jambo ambalo akina mama wasomao kurasa hizi watalielewa upesi kuliko majemadari ni sababu ya vifo hivyo. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na tumbo, malaria na kichomi. Watu waliotoka katika nchi za ndizi, wimbi au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, bila sufuria za kutosha, bila kuni kavu, na bila muda wa kuupika ukaiva. Ugali mbichi ukaliwa usiku gizani baada ya mwendo wa kutwa, na asubuhi mzigo ukainuliwa tena. Ngozi za matumbo hazikustahimili. Kama jeshi lile lingaliwasikiliza wapishi wa kike wa kijiji chochote kwa nusu saa, maelfu ya watu wangalipona.

Jijini Dar es Salaam na Nairobi yapo masoko mawili yenye majina yaliyotokana na kikosi hicho cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps: Kariakoo na Kariokor. Mamia ya maelfu ya watu hununua nyanya na vitenge hapo bila kujua kwamba wanalitamka jina la kambi ya waliobeba mizigo ya vita. Huenda huo ndio ukumbusho wao mkubwa kuliko wote, nao haukukusudiwa na mtu yeyote.

BUSTANI YA BARABARA YA BAGAMOYO

Mtu atokaye katikati ya Dar es Salaam kwa barabara iendayo Bagamoyo hukuta, kiasi cha kilomita tano, uwanja wa makaburi ya vita wenye nyasi fupi na mistari iliyonyooka. Hayo ni makaburi yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Hayakuwa hapo tangu mwanzo. Yalianzishwa mwaka 1968, wakati makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyokuwa katika eneo la Ocean Road yalipolazimika kuhamishwa ili kupisha ujenzi wa barabara mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania, ambako haikuwezekana tena kuhakikisha utunzaji wake. Leo pale wamelala watu 1,764 wa Vita Kuu ya Kwanza, na 41 wa Vita Kuu ya Pili. Upo pia ukuta wa kumbukumbu wa Waingereza na Wahindi wenye majina zaidi ya 1,500 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani.

Kwa mtazamo wa mtunza bustani, mahali hapo ni shule. Tume hiyo, iliyoundwa kwa hati ya kifalme mwezi Mei 1917, ilijiwekea kanuni kwamba mawe yote ya makaburi yawe ya namna moja, bila kutofautisha cheo wala utajiri: jenerali na kuruta wapate jiwe lililo sawa. Maua hupandwa kwenye kitalu chembamba mbele ya mawe, na hayapandwi kwa uzuri peke yake. Mvua ya matone makubwa ipigapo udongo mtupu hurusha matope yakachafua maandishi. Maua mafupi huyazuia. Nyasi hukatwa chini ili mstari wa mawe uonekane kutoka mbali. Ni kazi ya kila juma, na haina sherehe.

Lakini ndani ya uwanja huo huo zipo sehemu mbili ziitwazo Bustani ya Ukumbusho B na Bustani ya Ukumbusho C. Hapo hakuna mistari ya mawe ya mtu mmoja mmoja. Makaburi ya Waafrika Wakristo, ya Waislamu na ya wasiokuwa Wakristo kule Ocean Road hayakuwa yamewekewa alama kila moja peke yake. Ulipofika wakati wa kuhamisha, mifupa haikuweza kutambuliwa ni ya nani, ikazikwa pamoja, na juu yake ukajengwa ukuta wa kumbukumbu. Maua ni yale yale, maji ni yale yale, ila kanuni ya jiwe moja kwa kila mtu imeishia kwenye kizingiti cha bustani hizo mbili.

Kosa halikutendwa na waliohamisha makaburi mwaka 1968. Lilitendwa zamani, katika miaka ya 1920, wakati wakubwa wa utawala wa kikoloni walipoamua kwamba Mwafrika hangelielewa jiwe la kaburi lenye jina lake, na kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Ni vigumu kusoma maneno ya aina hiyo bila hasira. Watu ambao baba na babu zao waliyafagia makaburi ya wazee kila msimu, waliojua nasaba zao vizazi saba, ndio walioambiwa kwamba hawajui thamani ya jina.

Badala ya makaburi zikaletwa sanamu. Dar es Salaam, kwenye makutano ya barabara za Samora na Azikiwe, amesimama askari wa shaba mwenye bunduki iliyochomekwa singe, ameelekea bandarini. Mchongaji wake alikuwa James Alexander Stevenson, na sanamu ilizinduliwa mwaka 1927, mahali pale pale ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Maandishi yako katika Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu; yalitungwa na Rudyard Kipling, na maana yake ni kuwatukuza askari wenyeji na wapagazi. Nairobi na Mombasa zilipata sanamu zao katika miaka hiyo hiyo. Ni kazi nzuri za mikono, na pale Nairobi mpagazi amepewa nafasi yake pembeni ya askari. Hata hivyo sanamu moja kwa watu elfu tisini na tano ni hesabu ambayo mhasibu yeyote wa kikosi angeirudisha.

Athari yake haikuwa ya heshima peke yake. Mtu asiyeandikwa jina sawasawa hana hesabu ya mshahara. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikumfikia mke wala mzazi, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema ni nani, mwana wa nani, wa kijiji gani.

Miaka mia moja ilipita. Mwezi Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ikikiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao wa Afrika, Uhindi na Misri, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina kabisa, au hawakukumbukwa kwa njia yoyote. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Kazi ya kuyatafuta majina ikaanza. Katika majalada ya zamani ya kijeshi yaliyohifadhiwa Nairobi yamepatikana zaidi ya 3,000, na tarehe 22 Januari 2025 ilizinduliwa mjini Cape Town, ndani ya bustani ya umma iitwayo Company's Garden, kumbukumbu ya wafanya kazi Waafrika wa Afrika Kusini waliofia vita ya 1914 hadi 1918 humu humu Afrika. Hakuna sanamu pale. Zimesimikwa nguzo za mvule, zaidi ya 1,700, kila nguzo na jina la mtu mmoja na tarehe aliyokufa. Mvule ni mti unaojulikana vizuri katika Afrika ya Mashariki. Seremala yeyote anajua kwamba mchwa huuheshimu.

KABOYA, MUHURI WA NCHI HURU

Nchi huru zimefanya tofauti. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kudai kwamba eneo lililo kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda, Tanzania ilikusanya jeshi lake, wanamgambo na mapolisi, na vita vikaendelea hadi Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979 na nchi nzima ikakombolewa kufikia Juni. Mashujaa wa vita hivyo wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Upo mnara, na majina ya askari yameandikwa. Mzazi aliyetoka Songea au Singida akifika pale humtafuta mwanawe kwa jina, si kwa kukisia. Naliendele, karibu na Mtwara, wamelala wale waliofia Msumbiji katika miaka ya 1980.

Tarehe 25 Julai kila mwaka Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Kwa miaka mingi sherehe zilifanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na nyakati nyingine mikoani. Mwaka 2013 zilifanyika Kaboya kwenyewe. Desturi yake inastahili kuelezwa kwa wasomaji wa pwani ya ziwa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, mkuu wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mwenyekiti wa chama cha askari wastaafu huweka shoka. Shada la maua ni la wageni. Vitu vingine vyote ni vya nyumbani, vilivyoshikwa na waliokufa kabla ya bunduki kuwa za serikali. Baada ya hapo hupigwa tarumbeta, na wazee wenye medali husimama juani mpaka mwisho, ingawa viti vimewekwa.

HABARI YA GATETE NA VIJIJI MFANO WAKE

Pwani ya Rumonge haikosi sababu ya kuwa na bustani ya namna hii. Wanaume wa sehemu hizi walichukuliwa katika safu za wapagazi za mwaka 1916, za upande mmoja na za upande mwingine. Na si mambo ya zamani tu. Tangu Desemba 2007 Burundi ilipeleka vikosi Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na majina ya Leego, mwaka 2015, na El Baraf, mwaka 2022, yanajulikana katika nyumba nyingi za askari, maana huko kambi za Warundi zilishambuliwa na vijana wengi wakafa. Wajane na yatima wao wamo vijijini leo. Hawahitaji kungoja miaka mia.

Ni lazima pia kusema wazi kwamba pwani hii ilianza kumwaga damu mwezi Aprili 1972, na tena katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Wafu wa miaka hiyo, ambao wengi walikuwa raia, wana hesabu yao, na tangu mwaka 2014 ipo tume iliyowekwa kisheria kuwashughulikia. Bustani ya askari isiwe mahali pa kubishania hesabu hiyo, wala isitumiwe kuifunika. Wanakijiji wenye busara watalijadili jambo hili kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Wakikubaliana, kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. La kwanza ni ardhi. Isichukuliwe hifadhi ya barabara, maana siku barabara itakapopanuliwa yatatokea yale yale ya Ocean Road. Isichukuliwe pia upande wa ziwa. Maji ya Tanganyika yalipanda sana mwaka 2021 na tena mwaka 2024, yakaingia nyumba za Gatumba na za ukingo wa Rumonge; jiwe la shujaa lisiwekwe mahali ambapo mawimbi yatalifuata. Upande wa mlima ni bora, ilimradi uchimbwe mtaro wa kukinga maji juu ya kiwanja, kwa sababu mvua za milimani hushuka kwa nguvu na kuchukua kila kitu.

La pili ni majina, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Ikusanywe orodha nyumba kwa nyumba: jina kamili, jina la baba na la mama, kijiji, kikosi, namba ya jeshi, mahali na tarehe ya kifo. Wazee waulizwe habari za wapagazi. Jina moja la babu likikumbukwa kwa hakika liandikwe, hata kama halina tarehe. Kila nyumba ya askari na polisi aliye hai nayo iwe na daftari kama hilo, lenye nakala mbili, moja nyumbani na moja kwa ndugu wa kuaminika wa kijiji kingine. Nyumba huungua na sanduku huibwa. Mke ajue namba ya mumewe kwa moyo kama ajuavyo siku za kuzaliwa za wanawe. Wako wanaume wanaoificha kana kwamba ni siri ya vita, na hilo ni jambo la kipuuzi.

Majina yachongwe, yasipakwe rangi tu. Rangi ya mafuta juu ya saruji huanza kubabuka haraka katika hali ya hewa ya ziwani. Mbao za mvule hufaa, na mawe yako tele milimani. Yapangwe kwa herufi, si kwa cheo. Wapo watakaotaka majina ya maofisa yatangulie. Waelezwe kwa upole kwamba kaburini hakuna gwaride.

La tatu ni miti. Warundi wana mti wao uitwao umurinzi, jina ambalo maana yake ni mlinzi, wenye maua mekundu kama makaa, na tangu zamani ulipandwa mahali penye heshima. Hakuna mti unaofaa zaidi kwa bustani ya askari. Unaweza kuoteshwa kwa vipande vya matawi. Tahadhari moja kwa wazazi: mbegu zake nyekundu zenye baka jeusi huwavutia watoto, nazo zina sumu, kwa hiyo ziokotwe na zisiachwe zikachezewa. Umuvumu hufaa kwa kivuli kikubwa, ila upandwe mbali na mawe kwa ajili ya mizizi yake. Mchikichi nao uwe mbali, kwani kokwa zake zikianguka hutia madoa ya mafuta yasiyotoka. Uzio wa bogonvilia utazuia mbuzi. Chini ipandwe ukoka, na mbele ya mawe maua mafupi yoyote yanayostahimili jua, yasipite kimo cha goti.

Mashimo ya miche yawe na upana na kina cha sentimita 60, yachimbwe mwezi Septemba na kuachwa wazi yapate hewa, kisha udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza. Miche ipandwe mvua zikiwa zimekwisha shika, mwezi Oktoba au Novemba, ili ifikapo Juni, kiangazi kinapoanza, mizizi iwe imeshuka na isitegemee ndoo ya mtu.